Kabla ya kuchanga hela ya safari, ulizaneni dawa

Msomaji wangu, kiangazi ndicho kipindi cha magrupu ya safari, na huenda nawe umo kwenye moja. Mtu mmoja anaweka picha ya mlima na ya ziwa lenye heroe, anaandika "Jamani tunaenda, kila mtu laki tatu na nusu, tunalala kwenye mahema, tunapika wenyewe", na kabla wiki haijaisha watu wanabishana nani alete sufuria kubwa.

Naziunga mkono safari hizi. Kwa miaka mingi tuliona mbuga na milima yetu kuwa ni mambo ya wageni wenye kofia pana na kamera, sisi tukiishia kuiangalia kwenye kalenda ukutani. Kutembea kwa miguu, kulala mapema kwa sababu hakuna umeme, kukaa siku mbili bila mtandao, kucheka na watu mliokua pamoja: hiyo ni tiba ambayo siwezi kukuandikia kwenye karatasi ya dawa. Wala sioni aibu katika kusafiri kwa bei nafuu. Kulala kwenye hema hakujamuumiza mtu, wala ugali wa kwenye mafiga.

Lakini kuna jambo nililojifunza kwa njia mbaya, na leo nalisema hata kama linaniaibisha mimi mwenyewe. Katika safari ya kubana matumizi, hatari kubwa si udogo wa bajeti. Ni aibu ya mtu mmoja ndani ya gari, anayehitaji kitu ambacho wenzake hawakihitaji, akaamua kunyamaza ili asiwe mzigo.

Bajeti iliyopitishwa kwa kura

Tulikuwa watano, wote tuliosoma sekondari moja, wote tukikaribia au kupita kidogo miaka 50. Nitawataja kwa majina tunayoitana wenyewe: Mwalimu, anayefundisha hisabati, Mhazini, mama anayefanya kazi ya uhasibu na aliyeshika fedha zetu, Mama Duka, Fundi, fundi umeme ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva, na mimi, Daktari wao.

Mpango ulikuwa mzuri. Tungetoka Dar es Salaam hadi Arusha, tupite Makuyuni na Mto wa Mbu, tushike njia ya Selela na Engaruka hadi Engaresero, kijiji kilicho kati ya Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai. Ukitaka kuona nchi iliyokunjwa na moto wa ardhini, nenda huko. Barabara inapita kwenye nyanda kame za majivu ya volkano, makorongo yaliyochimbwa na mvua chache zenye hasira, vilima visivyo na mti. Upande mmoja unasimama ukuta wa Bonde la Ufa. Mbele yako kuna Lengai, mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamaasai, wenye urefu wa karibu mita 3,000 na ambao bado uko hai. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Baada ya hapo tungerudi, tupande ukuta wa bonde hadi Karatu, tulale kwenye baridi, kisha tukaone Kreta ya Ngorongoro.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa siku sita na ulizidi mfuko wetu. Tukaanza kupunguza, kila kipengele kwa kura ndani ya grupu. Siku sita zikawa nne na usiku wa Ijumaa. Gesti ya Korogwe ikafutwa, tuendeshe usiku kucha. Dereva wa pili akafutwa. Katoni tano za maji ya kunywa zikawa mbili, tukiambizana kwamba maji yanauzwa kila mahali. Mablanketi yakabaki nyumbani, kila mtu abebe shuka lake. Mhazini alikuwa anafurahi kila kura ilipopita, na sisi tulikuwa tunampigia makofi kwa vile vikaragosi vya kwenye simu.

Hebu tufanye hesabu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya, pamoja na Mwalimu wa hisabati. Katoni moja ilikuwa na chupa 12 za lita moja na nusu, yaani lita 18. Katoni mbili ni lita 36. Watu watano kwa siku nne, kila mtu anapata lita moja na pointi nane kwa siku. Mtu mzima anayetembea kwenye joto la Natron, ambako mchana nyuzi joto 40 si jambo la ajabu, anahitaji kama lita nne, na zaidi akitoka jasho jingi. Tuliokoa fedha isiyofika elfu arobaini.

Hicho kipengele kilipita kwa kura tano kati ya tano. Mimi niliyesomea kazi hii nilipiga kura ya ndiyo.

Kicheko cha Korogwe

Tuliondoka Dar saa tatu usiku. Fundi alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri na kushinda kazini. Maana yake tulipokuwa bado hatujafika Chalinze, alikuwa ameshakaa macho saa 17. Utafiti unaojulikana vizuri umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda huo hupungukiwa umakini sawa na aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna kati yetu ambaye angekubali kuendeshwa na Fundi akiwa na bia tumboni. Kuendeshwa na Fundi mwenye usingizi tulikupigia makofi.

Tulipofika Chalinze, Mwalimu akaomba tusimame akajisaidie. Tukasimama. Tulipopita Mkata, akaomba tena. Korogwe, mara ya tatu. Hapo ndipo gari zima lilipoangua kicheko. "Mwalimu, kibofu chako kama cha mtoto wa chekechea!" Nani alisema sikumbuki, lakini nakumbuka kwamba mimi nilicheka kuliko wote. Mwalimu naye akacheka, akapanda gari, na tangu hapo hakuomba kusimama tena.

Baada ya Mombo, gari likaanza kuhama taratibu upande wa kulia. Mama Duka ndiye aliyepiga kelele. Fundi alishtuka, akalirudisha gari. Hakukuwa na lori mbele, na hilo ndilo tu lililotuokoa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mtu akisinzia sekunde tatu, gari limekwenda mita zaidi ya 60 bila dereva. Tukaegesha kwenye kituo cha mafuta tukalala tukiwa tumekaa hadi kulipopambazuka.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu tuliporudi. Kile kibofu tulichokicheka ndicho kilichokuwa kikimsimamisha Fundi kila baada ya saa moja na nusu hivi, akashuka, akanyoosha miguu, akanawa uso. Tulipomnyamazisha Mwalimu, Fundi akaanza kusinzia. Hitaji la mmoja lilikuwa linatulinda wote, na sisi tulilifanyia mzaha.

"Anatembea kama amelewa"

Jumamosi tulilala Mto wa Mbu. Jumapili tukafika Engaresero yapata saa sita mchana. Kwa kuwa tulikuwa tumekata siku mbili, kila kitu kilipangwa siku hiyohiyo: mchana tuende ziwani kuona heroe, na usiku wa manane tuanze kupanda Lengai. Kijana wa Kimaasai tuliyempata atuongoze alisema, "Jua hili si la kutembea. Twende jioni." Tukamwambia hatuna muda.

Ukingo wa Natron ni uwanda mweupe wa magadi na matope makavu. Ziwa unaliona karibu, lakini kila ukitembea linarudi nyuma. Hakuna kivuli hata cha kumficha mbuzi. Maji yake ni magadi makali, si ya kunywa. Ni ziwa la pekee sana. Ndilo mahali pakuu ambapo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, kwa sababu adui zao wengi hawawezi kuvuka magadi yale. Sisi tulivuka kwa chupa tatu za maji kwa watu watano, kwa kuwa tulikuwa tunayabana.

Tulipokuwa tunarudi, yule kijana alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, mzee yule anatembea kama amelewa." Nikageuka. Mwalimu alikuwa nyuma, anayumba, anakwenda upande usio wa gari. Nilipomuuliza tuko wapi, alinijibu kitu kuhusu mitihani ya kidato cha nne.

Msomaji, hapo ndipo pa kukariri. Mtu aliyechoka kwa joto anaumwa kichwa, ana kichefuchefu, misuli inamkaza, anatoka jasho, lakini anajua yuko wapi. Huyo mpeleke kivulini, apumzike, anywe maji taratibu, na mara nyingi hupata nafuu. Ila akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba, kuzimia au kutetemeka degedege, joto limeshagusa ubongo. Hiyo ni dharura, na kila dakika ina thamani. Kazi ya kwanza si kumnywesha, maana anaweza kupaliwa. Kazi ya kwanza ni kumpoza: kivuli, punguza nguo, mwagia maji mwili mzima, weka vitambaa vilivyolowa shingoni, kwapani na kwenye nyonga, pepea bila kuacha, huku wengine wakitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya.

Sisi kivuli hatukuwa nacho. Yule kijana alivua shuka lake, yeye na Mama Duka wakalishika juu kama turubai. Fundi alikimbia kwenda kulifuata gari. Maji yaliyobaki kwenye chupa, nusu lita hivi, tuliyamwaga kwenye khanga ya Mhazini tukamfunika nayo Mwalimu kifuani. Gari lilipofika tukafungua dumu la lita 20, lile la kupikia na kuoshea vyombo, tukammwagia lote. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko usiku wa zamu, alifumbua macho vizuri akauliza, "Nimelowa kwa nini?"

Swali la muuguzi

Tulimfikisha kwenye zahanati. Muuguzi aliyekuwa zamu, binti mdogo kwa umri, alimpima presha akakuta 90 kwa 60, akamtundikia dripu, kisha akatugeukia. "Nani amekuja na huyu baba?" Nikasema mimi. "Anatumia dawa gani?"

Sikujua.

Nimefahamiana na Mwalimu kwa zaidi ya miaka 30. Nimekula kwake, nimesimamia harusi ya dada yake. Tulikuwa tumekaa gari moja siku mbili, na mimi daktari sikujua rafiki yangu anameza nini kila asubuhi. Tulifungua begi lake tukakuta dawa za presha, na mojawapo ni ile inayosaidia figo kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana alikuwa anaomba kusimama. Baada ya kicheko cha Korogwe aliendelea kumeza dawa zake kama mgonjwa mwema, ila akaacha kunywa maji ili asiombe tena gari lisimame. Dawa ilikuwa inatoa maji, yeye haingizi, na jua linakausha yaliyobaki.

Jioni ile, Mwalimu akiwa ameshapata nafuu, Mama Duka alisema jambo lililonifanya nikae kimya. "Hata sisi akina mama hatukunywa. Kule hakuna choo wala kichaka. Tungechuchumaa wapi?" Kumbe watu watatu kati ya watano walikuwa wanajinyima maji kwa aibu, na mimi nilikuwa nadhani tatizo letu ni katoni tatu. Mwanamke anayejizuia kunywa na anayebana mkojo siku nzima yuko pia kwenye hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, na wengi hurudi kutoka safarini na maumivu hayo wakidhani ni vyoo vya njiani.

Mlima hatukupanda. Fedha ya kiongozi tuliyotanguliza ilikwenda, mafuta ya kukimbia huku na huko yalikwenda, na siku tuliyoikata bajeti tukalazimika kuilipa hapo hapo Engaresero, Mwalimu akipumzika. Mhazini alipofunga hesabu, safari ya siku nne ilikuwa imegharimu zaidi ya ile ya siku sita tuliyoikataa.

Jiko lililotaka kuingia hemani

Jambo moja zaidi kabla sijasema maoni yangu. Ziwa Natron liko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Karatu iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unafika kama mita 2,300. Kwa saa chache za gari unatoka kwenye tanuri unaingia kwenye friji. Usiku wetu wa Karatu, na mashuka yetu mepesi, meno yalikuwa yanagongana. Fundi akachukua jiko la mkaa tulilopikia, mkaa bado mwekundu, akataka kuliingiza hemani.

Aliyelizuia alikuwa Mwalimu. Alisema kwa sauti ya darasani, "Fundi, litoke hilo, au mimi nalala kwenye gari." Hakuna aliyecheka.

Alikuwa sahihi kabisa. Mkaa unaoungua polepole mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito, mambo ambayo msafiri aliyechoka huyaona ya kawaida. Familia nzima hulala na isiamke. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi, na mkaa unaoonekana kuzimika bado unaitoa. Ukiwa na baridi, vaa soksi mbili na kofia, tandika magazeti au maboksi chini ya godoro, jaza maji moto kwenye chupa inayofungwa vizuri ulale nayo. Lakini dawa ya kweli ni blanketi tulilolipigia kura libaki nyumbani.

Maoni yangu

Utaniambia, "Daktari, mtu mgonjwa si abaki nyumbani? Kwa nini aharibie wenzake safari?" Nimeisikia hoja hiyo, na wengine wameniambia kwa nia njema kabisa. Naipinga kwa sababu mbili.

Kwanza, ukiweka sharti kwamba wenye matatizo wasije, hawataacha kuja. Watakuja wakiwa wamefunga midomo. Kwa umri wetu, ukiwaondoa wenye presha, wenye kisukari, wenye magoti mabovu na wenye pumu, grupu linabaki na mtu mmoja na hema. Pili, udhaifu haukai kwa mtu mmoja. Ijumaa usiku, mtu dhaifu kuliko wote garini alikuwa Fundi, mwenye kifua kama mlango. Jumapili mchana alikuwa Mwalimu. Usiku wa Karatu, kama jiko lingeingia, tungekuwa wote.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: ratiba ya safari ya marafiki ipangwe kwa kasi ya yule anayehitaji zaidi, na bajeti ianze na mahitaji yake kabla ya kitu kingine. Sisemi hivyo kwa ajili ya kumwonea huruma. Kasi yake ndiyo kasi salama ya gari zima.

Hilo linaanza na swali. Mratibu wa safari, mpigie kila mtu simu peke yake, usiulize kwenye grupu. Muulize: unatumia dawa gani, una mzio wa nini, kuna kitu unakihitaji njiani ambacho unaona haya kukisema? Andika kwenye karatasi pamoja na namba ya ndugu yake na ya kadi ya bima kama anayo, karatasi ikae kwenye gari, mtu wa pili ajue ilipo. Siri ya mtu ibaki siri. Wanaohitaji kujua ni mratibu na mmoja wa kumsaidia.

Na wewe unayetumia dawa, muone daktari wako wiki mbili kabla. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe, wala usiendelee nayo kwenye joto kali bila kuuliza. Wakati mwingine kipimo au muda wa kumeza hubadilishwa. Mwenye kisukari, insulini yako isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha uzungushie kitambaa kilicholowa, uitunze kivulini. Mwenye pumu, vumbi la majivu halina mzaha; dawa ya kuvuta ikae mfukoni, si kwenye begi juu ya gari. Mwenye selimundu anahitaji tahadhari kuliko wote, maana kupungukiwa maji, baridi na mwinuko mkubwa vyote huweza kuamsha maumivu makali. Asiende bila ushauri. Mama mjamzito vivyo hivyo.

Kisha kwenye bajeti, kuna mambo ambayo hayapigiwi kura. Maji ni la kwanza: lita nne au tano kwa kila mtu kwa kila siku ya nyanda kame, mbali na ya kupikia, na pakiti chache za ORS. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu, kwenye lita moja ya maji safi. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. La pili ni usingizi wa dereva: usiku mmoja kamili kabla ya kushika usukani, na kusimama kila baada ya saa mbili. La tatu ni siku moja ya akiba, ili mtu akiugua, au mwenyeji akisema twende jioni, muwe na muda wa kumsikia. La nne ni choo: khanga mbili na vijiti vinne vinatosha kutengeneza faragha kwa akina mama. Hakuna kitu cha bei ndogo kuliko hicho, na huenda ndicho kitakachowafanya wanywe maji.

Fedha ikipungua, punguza sehemu za kwenda, usipunguze siku. Safari ya sehemu moja kwa siku tatu ni bora kuliko sehemu nne mnazozipita kama mnafukuzwa. Punguza nyama, kodi hema badala ya kununua, nendeni karibu zaidi na kwenu. Vyandarua msiviache, hasa kama mnalala mahali kama Mto wa Mbu, ambapo jina lenyewe linakuonya. Na mkirudi, mtu akipata homa ndani ya wiki chache, asiseme ni uchovu wa njia. Apime malaria siku hiyohiyo.

Mwaka huu tunarudi Engaresero, siku sita, na Lengai wanapanda wawili tu. Sisi wengine tutawasubiri chini na chai. Mwalimu ndiye mratibu. Ujumbe wake wa kwanza kwenye grupu ulikuwa mfupi: "Gari linasimama kila saa mbili. Asiyetaka kukojoa ashuke anyooshe miguu." Mhazini akauliza kama tupige kura. Mwalimu akamjibu kwamba hilo halipigiwi kura.

Safari njema, msomaji wangu.